Mpira Ukae Palepale Ulipowekwa

Barua za wasomaji mwezi huu zimejaa habari za mpira. Sisemi mpira wa kuchezwa pale uwanja wa Amaan, bali ile mirija laini wanayowekwa wagonjwa mshipani ikakaa wiki, miezi, na kwa wengine mwaka mzima, kwa ajili ya kusafishwa damu, kutiliwa dawa za saratani au kupewa dawa za sindano za muda mrefu. Hospitalini tunaiita katheta, majumbani inaitwa mpira, na katika majibu haya nitayatumia majina yote mawili bila ya kubagua.

Nimechagua barua sita. Nyingi kati ya zile nilizoziacha zinauliza namna ya kuusafisha mpira, na ni chache mno zinazouliza namna ya kuuzuia usicheze, ilhali mimi, kwa miaka niliyokaa wodini, naona hapo ndipo mambo mengi yanapoharibikia. Mpira unaoingia na kutoka hata kwa milimita chache kila mgonjwa anapogeuka hufanya kazi ya mchi kinuni: huvichukua vidudu vilivyo juu ya ngozi ukavishindilia ndani ya njia yake, mpaka vikaifikia damu. Huko ndani nako, ncha yake huuparuza ukuta wa mshipa, na palipoparuzwa ndipo damu inapoanza kuganda. Kwa hivyo homa, uvimbe na mpira kuziba, ambavyo watu huvihesabu kuwa ni maradhi matatu mbalimbali, mara nyingi mzizi wake ni huo mmoja.

Swali: Assalaam alaykum, Bi Muuguzi. Baba yangu ana miaka 63, ametoka Wete na anakaa kwangu kwa sababu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Amewekwa mpira kifuani, upande wa kulia, wenye ncha mbili, moja nyekundu na moja ya buluu. Wiki iliyopita, mpira ukiwa umetimiza mwezi mmoja, zile nyuzi zilizoushonea kwenye ngozi zilitolewa, na tangu siku hiyo baba haamini kwamba mpira umeshika. Analala ameukamata kwa mkono. Tena plasta haimkai. Jasho likimtoka inabanduka, na mimi huwa naongeza nyengine juu yake. Je, nafanya sawa? Na jengine, anataka kwenda kwao Pemba kula sikukuu. *Binti yake, Mwanakwerekwe*

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na hofu ya baba, kwa sababu ni hofu ya mtu mwenye akili zake na inastahili kujibiwa kwa maelezo, si kwa kuambiwa asiogope. Mpira wake haukuingia mshipani pale unapouona ukitokeza. Umeingia katika mshipa mkubwa wa shingo, kisha ukapitishwa chini ya ngozi, juu ya mtulinga, hadi ukatokea kifuani. Na ndani ya njia hiyo iliyofichika ipo pete ndogo ya kitambaa iliyogandishwa kwenye mpira tangu kiwandani. Nyama ya mwili huota ikaingia katika nyuzi za kitambaa kile, na kazi hiyo huchukua kiasi cha wiki 2 hadi 4. Kabla ya muda huo kinachoushika mpira ni ule mshono wa nje, na baada yake ni mwili wenyewe, ambao pia huifanya pete ile kuwa kizuizi cha vidudu visipenye. Kwa hivyo waliotoa nyuzi baada ya mwezi hawakufanya uzembe. Nyuzi zilizobaki bila ya haja huwa vidonda vidogo vya ziada pembeni mwa tundu, na kila kidonda ni mlango.

Hata hivyo, kushikwa na nyama si sawa na kupigiliwa msumari. Mpira ukivutwa kwa nguvu, au ukivutwa kidogo kidogo kila siku, hutoka. Chukua daftari, umuombe muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu akupimie urefu wa sehemu iliyo nje, kuanzia tunduni hadi pale unapogawika ncha mbili, uandike na tarehe yake. Ukiona siku moja urefu umezidi, au ukaiona ile pete ya kitambaa ikichungulia tunduni, usijaribu kuurudisha ndani. Ufunike kwa shashi safi, uubandike usiendelee kutoka, na umpeleke hospitali siku ile ile, kwa sababu sehemu iliyokwisha kutoka imeshachukua vidudu vya nje na hairudi tena ndani ya mwili.

Plasta juu ya plasta, mwanangu, uiache. Jasho lililobaki chini ya ile ya mwanzo halikauki kwa kufunikwa. Linachemka pale chini, ngozi inalainika na kuchubuka, na ile ya juu huishika ile ya chini, ambayo nayo haijashika kitu. Plasta angavu, ile inayomwezesha mtu kuliona tundu bila ya kuifungua, hubadilishwa kila baada ya siku 7, na shashi iliyofungwa kwa plasta hubadilishwa kila baada ya siku 2. Lakini hesabu hiyo ni ya plasta kavu iliyoshika pande zote. Ikibanduka kona, ikilowa au ikichafuka, siku zake zimekwisha hata kama ilibandikwa asubuhi. Kwa mtu anayetoka jasho jingi, na katika joto la kaskazi hapa kwetu sijui nani asiyetoka jasho, shashi huwa bora kuliko plasta angavu, kwa sababu inalinywa jasho badala ya kulifungia. Mueleze hayo muuguzi wa kitengo, maana kwa kuwa baba yuko mbele yao mara tatu kwa wiki, wao wenyewe ndio wanaopaswa kubadilisha. Wewe nyumbani kazi yako ni ya dharura tu: kunawa mikono kwa sabuni, kuweka shashi mpya iliyofungwa katika karatasi yake, kisha kwenda kwao.

Usiku asiukamate mpira kwa mkono, kwani mkono wa mtu aliyelala haujui unachokivuta. Mshonee kifuko cha kipande cha kanga nyepesi iliyofuliwa, chenye utepe wa kupita shingoni, zile ncha mbili zikae ndani yake, na kati ya tundu na kifuko mpira uachwe na mzingo mdogo uliolegea na kubandikwa kifuani. Likitokea la kuvutwa, mjukuu akaparamia au fulana ikanasa, kitakachonyooka kwanza ni ule mzingo, na tundu halitasikia. Vifuko viwe viwili au vitatu, kimoja kikifuliwa chengine kinavaliwa. Pini zisikaribie kabisa. Nalisema hili kwa baba lakini nawakusudia zaidi akina mama, ambao mitandio yetu haikai bila ya pini, na pini moja iliyopotea njia hutoboa katheta kwa urahisi. Mikasi na nyembe ni hivyo hivyo. Na pale tunduni pasipakwe liwa, mafuta ya karafuu, asali wala marhamu ya kununua dukani. Baadhi ya vitengo vya kusafisha damu hutumia marhamu maalumu ya kuua vidudu, lakini hayo ni ya kitengo na wanajua kwa nini wameichagua.

Ama safari ya Pemba, kinachoizuia si mpira bali ni ratiba. Kati ya kusafishwa mara moja na nyengine baba ana nafasi ya siku mbili, au tatu mwisho wa wiki, na wewe unajua kama ninavyojua kwamba kusi ikivuma boti inaweza kuahirishwa. Mtu mwenye figo zisizofanya kazi akikwama Wete bila ya kusafishwa, maji na chumvi vinamjaa mwilini. Zungumza na kitengo kwanza, upange kurudi mapema kuliko unavyodhani inatosha, na wasafiri wawili wawe naye. Ndani ya boti mkanda wa begi na wa jaketi la kuokolea usipite juu ya kifua cha kulia.

Lipo jambo moja nataka baba alijue kwa moyo, ili aweze kulisema mwenyewe popote atakapougua. Ndani ya kila ncha ya mpira wake hubakishwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na mara nyingi huwa kali. Haitakiwi kusukumwa mwilini. Hufyonzwa kwanza ikatupwa. Niliwahi kuona, katika wodi moja ambayo sitaitaja, kijana wetu akiutumia mpira wa namna hiyo kutundikia dripu kwa kuwa hakupata mshipa mkononi, bila ya kuifyonza dawa ile, na mgonjwa akatokwa na damu kwenye fizi usiku mzima. Alipona, alhamdulillahi. Kwa hivyo baba aseme: mpira huu haufunguliwi ila na watu wa kusafisha damu. Na akitetemeka kwa baridi na kupata homa, hasa mara baada ya mashine kuanza, isichukuliwe kuwa ni malaria tu ikaishia hapo. Damu ichukuliwe ikaoteshwe vidudu kabla ya dawa ya kwanza, na zile dawa zilizobaki kabatini zisiguswe, kwa sababu nusu dozi huficha vidudu bila ya kuviua.

Mwisho kwa upande wako, uliza habari ya fistula, yaani ateri na vena za mkononi kuunganishwa kwa upasuaji mdogo. Huchukua wiki kadhaa hadi miezi kukomaa, lakini ikikomaa hatari ya vidudu ni ndogo kuliko ya mpira wowote. Mkono uliokusudiwa, ambao kwa kawaida ni ule asioutumia zaidi, usitolewe damu wala kuwekwa kanula, ule mrija mfupi wa dripu.

Swali: Nakuamkia, bibi. Mimi ni muuguzi kijana katika hospitali moja ya Pemba. Nilifundishwa kwamba katheta ya mshipa mkubwa hushonwa kwenye ngozi, na ndivyo tunavyofanya. Hivi karibuni mgeni mmoja alituambia kushona kumepitwa na wakati, kuna vishikizo vya kubandika na gundi. Sisi tulichonacho ni nyuzi na plasta za mviringo, zile za kukatwa kwa mkasi. Je, tunawadhuru wagonjwa? *Muuguzi, Chake Chake*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako ni changa kuliko katheta zenyewe. Daktari Werner Forssmann alipojipitishia mrija katika mshipa wa mkono wake hadi moyoni mwaka 1929, kule Eberswalde, Ujerumani, akashuka ngazi nao mpaka chumba cha eksirei kuuthibitisha, hakuwa na haja ya kujua utashikwa na nini, maana aliutoa siku ile ile. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1956. Tatizo la kushika lilikuja pale mrija ulipotakiwa kukaa, na ndipo ikaja katheta ya Broviac mwaka 1973 na ya Hickman mwaka 1979, zenye ile pete ya kitambaa niliyoieleza katika barua ya kwanza. Lakini si kila katheta ina pete, na isiyo na pete haina wa kuishika ila sisi.

Mgeni wenu hakukosea. Kila uzi unapotoboa ngozi unaacha tundu jengine karibu na tundu la katheta, vidudu hupata pa kujificha, uzi hukata ngozi taratibu hadi ukaachia, na mshonaji mwenyewe anaweza kujichoma sindano yenye damu. Ndiyo maana tangu mwaka 2011 mwongozo wa Marekani wa kuzuia maambukizo ya katheta unapendekeza vishikizo visivyoshonwa. Kuna kile cha kubandika, chenye kitako cha gundi na kibanio cha plastiki, ambacho hubadilishwa pamoja na plasta kila wiki. Kuna gundi ya ngozi inayodondoshwa tunduni, ambayo inashika na vilevile inazuia damu kuvuja katika siku za mwanzo. Na kuna nanga ndogo yenye vijiguu viwili vya madini vinavyoingizwa chini ya ngozi kupitia tundu lile lile la katheta. Hiyo hukaa muda wote ambao katheta ipo na haibadilishwi, jambo ambalo ni faida kubwa, kwani katheta nyingi huponyoka mikononi mwetu wakati wa kubadilisha plasta, si wakati mgonjwa amelala.

Sasa, kama hamna hivyo vyote, hamuwadhuru wagonjwa kwa kushona. Mnawadhuru mkishona kisha mkasahau. Utazame mshono kila zamu: umeshika, umelegea, ngozi imekuwa nyekundu, kuna usaha? Uzi ulioachia hausubiri kesho. Katheta uizungushe mzingo mmoja kabla ya kuibandika, ili anayejikwaa kwenye mpira wa dripu avute mzingo na si mshono. Kinachonikera mimi ni ile plasta ya mviringo inayozunguka wodi nzima mfukoni mwa koti, ikakatwa kwa mkasi uliokata bandeji ya kidonda cha mtu mwengine, kisha ikabandikwa juu ya tundu linaloelekea moyoni. Plasta ile ni ya kushikia mpira wa dripu huko mbali. Tunduni panataka kitu kilichofunguliwa papo hapo kutoka katika karatasi yake.

Wakati wa kubadilisha, wewe na mgonjwa mvae barakoa, au yeye ageuze uso upande wa pili. Plasta ya zamani uibandue kwa kuivuta kuelekea tundu, kamwe si kutoka tunduni kwenda nje, kwani ukivuta nje unavuta na katheta. Kidole kimoja kiishike muda wote. Ngozi isafishwe kwa klorheksidini, dawa ya kuua vidudu, iliyochanganywa na spiriti, yenye nguvu ya zaidi ya asilimia 0.5, kwa kusugua mbele na nyuma nusu dakika, kisha uiache ikauke yenyewe. Usipulize, usipepee. Katika unyevunyevu wa masika ukaukaji huo huchukua muda kuliko vitabu vinavyosema, na wengi wetu hapa ndipo subira inapotuishia. Lakini plasta iliyobandikwa juu ya dawa mbichi haishiki, na ngozi iliyofungiwa dawa mbichi huungua. Na kabla ya kuchoma dawa yoyote, mdomo wa katheta usuguliwe kwa spiriti sekunde 15 kamili, ukauke, ndipo uunganishe. Sekunde 15 ni ndefu kwa anayekimbizana na wagonjwa thelathini, nakubali, ila ndizo hizo.

Kila siku jiulize pia kama katheta bado inahitajika. Iliyokwisha kazi itolewe.

Swali: Mume wangu ana mpira kifuani. Anatawadha na kuoga kama kawaida, lakini kila akioga plasta inalowa. Afanye nini kuhusu udhu na janaba? *Mke, Mkoani*

Jibu: Kwa udhu sioni tatizo, dada yangu, kwani viungo vya udhu ni uso, mikono hadi viwikoni, kichwa na miguu, na kifua hakimo, ajifunike taulo kifuani ili maji ya usoni yasitiririke. Janaba ndiyo yenye mazingatio, kwa sababu maji yanatakiwa yaenee mwili mzima. Mimi ni muuguzi, na ushahidi wangu ni mmoja tu: maji yakifika tunduni yanadhuru, na dhara yake inaweza kufikia damu. Uchukueni ushahidi huo kwa sheikh wenu, ambaye atakuelezeni hukumu ya kupangusa juu ya jabira, yaani kitambaa kilichofunga jeraha, na ya kutayamamu. Kwa kuoga kwa kila siku aoge kuanzia kiunoni kushuka kwa kata na ndoo, juu apanguswe kwa kitambaa chenye maji kilichokamuliwa. Karatasi ya nailoni iliyofungwa kwa plasta haiaminiki. Nimeiona ikijaa maji ndani kama kisima. Baharini asiingie.

Swali: Dada yangu anatibiwa saratani Dar es Salaam, Ocean Road, na amerudi Unguja kusubiri awamu ya pili akiwa na mpira mwembamba ulioingilia juu ya kiwiko, wanauita PICC. Tangu juzi mkono umevimba kidogo na bega linamuuma. Pia muuguzi wa mtaani alipotaka kuusafisha kwa maji ya chumvi ulikuwa mgumu, akasema alete bomba dogo la sindano ili asukume kwa nguvu. Mama anataka amchue mkono kwa mafuta ya nazi ya moto. *Mdogo wake, Fuoni*

Jibu: Mkono usichuliwe, na mpira usisukumwe. Mpeleke hospitali leo hii, maana mkono kuvimba, bega au shingo kuuma upande wenye katheta, ni dalili za damu kuganda mshipani, na bonge lililochuliwa linaweza kukatika likasafiri hadi mapafuni. Mama aelezwe kwa upole, kwani kuchua ni huruma yake. Hospitalini watampiga picha ya mshipa kwa ultrasaundi. Usishangae wakiuacha mpira mahali pake na kumpa dawa ya kuzuia damu isigande, kwani ukiwa bado unafanya kazi na unahitajika, mara nyingi hautolewi.

Kuhusu bomba la sindano, watu wengi hudhani dogo ni laini zaidi. Ni kinyume. Nguvu ya dole gumba ni ile ile, lakini kwenye bomba jembamba inakusanyika mahali padogo, kama mtu mmoja anayekukanyaga mguu kwa kandambili na mwengine kwa kisigino chembamba. Bomba la mililita 2 likisukumwa kwa hasira linaweza kuipasua katheta. Litumike la mililita 10 au zaidi, maji ya chumvi ya hospitali mililita 10, yasukumwe kwa kusitasita, sukuma kidogo, simama, sukuma kidogo, ili yazunguke ndani na kung'oa mabaki. Na kibanio kifungwe wakati kidole bado kinasukuma, damu isije ikarudi nchani na kuganda. Ukikuta ugumu, tazama kwanza kama kibanio kimefungwa au mpira umejikunja chini ya plasta, mwambie anyanyue mkono, akohoe. Ikiwa bado mgumu, kazi imefika kwa hospitali, ambayo ina dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ndani ya katheta. Mpira usiotumika nao unataka kusafishwa, kwa kawaida mara moja kwa wiki, au zaidi kama waliouweka walivyoelekeza.

Mkono ule usipimwe presha, usibebe ndoo, na awaambie wanawe wasimvute upande huo. Kuuacha kama ubao pia si vizuri. Akunje na kukunjua vidole, apike, ale kwa mkono wake, damu ipate kutembea.

Swali: Mpira wa kifuani wa mama ukitoka wote, au ukikatika, na mimi niko shamba, mbali na hospitali, nifanye nini kwanza? *Kijana anayemtunza mama yake, Micheweni*

Jibu: Ukitoka wote, mlaze mama chali, chukua shashi au kitambaa safi ukandamize mahali pawili: tundu la kifuani na pale shingoni, juu kidogo ya mtulinga, ambapo mpira uliingia mshipani. Wengi hukandamiza kifua peke yake, na damu inaendelea kukusanyika chini ya ngozi ya shingo. Kandamiza dakika 10 bila ya kuchungulia, kisha funika tundu kwa kitu kisichopitisha hewa. Mpira uliotoka uutie katika mfuko uende nao, ili daktari athibitishe kuwa haukubakisha kipande ndani.

Ukikatika na sehemu ya ndani bado ipo, hatari ni mbili kwa pamoja, damu kutoka na hewa kuingia. Bana papo hapo kati ya palipokatika na ngozi. Kama huna kibanio kunja mpira wenyewe uushike kwa nguvu. Kikohozi cha ghafla, pumzi kubana, kifua kuuma au kizunguzungu ni dalili za hewa kuingia mshipani: mlaze ubavu wa kushoto, kichwa kiwe chini kuliko miguu, na asafirishwe hivyo hivyo hata kama ni nyuma ya gari la shamba. Kibanio kimoja cha akiba kiombe hospitalini sasa, kikae ndani ya kile kifuko cha shingoni.

Swali: Nimewekewa poti kifuani, imefichwa yote chini ya ngozi. Mimi ni mkulima wa mwani. Je, ndiyo basi tena maji ya bahari? *Mama, Jambiani*

Jibu: La, mama, wewe una bahati kuliko wenzako wote wa ukurasa huu. Poti, yaani kile kikopo kidogo kilichoungwa na mpira chini ya ngozi na kuchomwa sindano wakati wa dawa, haina sehemu iliyo nje, kwa hivyo kidonda cha upasuaji kikishapona kabisa na ikiwa sindano yake haimo, maji hayana pa kuingilia. Unaweza kuoga, na unaweza kuingia baharini bamvua na maji mafu. Siku ambazo sindano imechomwa poti ndizo unazokaa pakavu. Hata ikiwa haitumiki irudishe hospitali kusafishwa kila baada ya wiki 4 hadi 12, kwa utaratibu wao. Kamba ya chupi ya juu isipite juu ya uvimbe wake, daktari akuelekeze wiki ngapi za mwanzo usinyanyue vizito, na baada ya hapo gunia la mwani ulibebe kwa bega la upande wa pili.